Tahadhari ikikosea, nani analipa?

Kirumba, Mwanza, Jumapili jioni

Kuna swali kwenye dodoso letu ambalo limeninyima raha wiki nzima. Linasema: "Je, ungependa kupokea tahadhari ya dhoruba kwenye simu yako?" Majibu ni mawili, ndiyo au hapana. Sasa nani atasema hapana? Ni kama kumuuliza mtu iwapo anapenda kupona.

Kwa wasiojua kazi yangu, mimi ni msaidizi wa utafiti. Naingiza takwimu, nasafisha takwimu, na siku nikibahatika naulizwa maoni. Ninaofanya nao kazi ni watu wa kompyuta wanaotaka programu yao ya kutabiri dhoruba imfae mvuvi wa Ziwa Victoria, na nia hiyo naiheshimu. Wangeweza kukaa Dar es Salaam wakatengeneza programu za mikopo ya haraka.

Sayansi yenyewe ni tamu. Usiku nchi kavu inapoa upesi, ziwa linabaki na joto lake. Upepo unashuka kutoka nchi kavu pande zote, unakutana huko katikati ya maji, hewa yenye unyevu inapanda, radi zinaanza. Mchana mambo yanageuka, mawingu yanajijenga juu ya nchi kavu. Ndiyo maana dhoruba mbaya za Victoria hupenda usiku wa manane hadi alfajiri. Mwaka 2016 na 2017 watafiti walioongozwa na Wim Thiery wa Ubelgiji walichapisha kazi inayotumia taarifa za satelaiti kuonyesha kwamba radi za mchana kwenye nchi kavu inayolizunguka ziwa zinasaidia kukisia kama usiku ziwani kutachafuka. Walionyesha pia kwamba dunia ikizidi kupata joto, dhoruba kali ziwani zitaongezeka. Sisi tunafuata njia hiyohiyo, kwa hesabu zetu.

Na dagaa wanavuliwa lini? Usiku, tena usiku wa giza. Taa ndiyo inayowaita, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka wanatawanyika na watu wanapumzika. Saa za ziwa kuchafuka na saa za mvuvi kuwa mbali na mwalo, yaani ufuko wanakotia mitumbwi, ni zilezile.

Mjomba wangu ni mvuvi wa dagaa upande wa Igombe. Nilimpigia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Salama huko?"

"Salama. Mjomba, hizi meseji za tahadhari, zikikudanganya mara ngapi ndipo utaacha kuziamini?"

Akacheka. "Inategemea imekuja saa ngapi. Ikija kabla tajiri hajatoa hela ya mafuta, idanganye inavyotaka. Ikija jioni, injini imeshajazwa na vijana wameshakula, utaniambia mimi nikamwambie nani?"

Nilikaa na jibu hilo siku mbili tatu. Mwenye chombo, ambaye wote humuita tajiri hata kama anadaiwa kila duka, mara nyingi haendi ziwani usiku. Mauzo yakipatikana, kwanza yanatolewa mafuta na chakula, kinachobaki ndicho kinagawanywa kati yake na wavuvi. Usiku wa kulala mwaloni hauna mauzo, ila chakula cha kambi kimeliwa na kimeandikwa. Petroli itasubiri kesho. Deni halisubiri. Na sisi dalili yetu kubwa ni mawingu ya alasiri, yaani jibu letu linapatikana saa ambazo mjomba anasema limeshachelewa. Hakuna mashine yenye kasi ya kuondoa mgongano huo. Unaondolewa na makubaliano ya nani anabeba hasara ya usiku mmoja.

Kila programu ya utabiri ina mahali inapokatia, yaani kizingiti. Uwezekano wa dhoruba ukivuka hapo, meseji inatoka, usipovuka, kimya. Ukishusha kizingiti utanasa dhoruba nyingi, lakini utawaweka watu mwaloni usiku ambao ziwa limetulia kama maji ya mtungi. Ukikipandisha, watu wataiamini meseji kwa sababu haiji ovyo, ila siku moja itakaa kimya usiku usiotakiwa kukaa kimya. Kompyuta inaweza kukuonyesha bei ya kila chaguo. Kuchagua haiwezi. Kwetu kizingiti kilipatikana kwa kuyahesabu makosa yote mawili kuwa sawa. Ni mstari mmoja tu wa programu, lakini ukiusoma vizuri unasema mtu kuzama na mtu kukosa mauzo ya usiku ni jambo moja. Nina hakika aliyeuandika hakukusudia kusema hivyo. Ndiyo namba iliyokuja tayari na programu, akaiacha.

Kwangu mimi hiyo ni sera, na imepitishwa bila kikao, na mtu asiyejua kama amepitisha sera. Kama ingekuwa ukubwa wa macho ya nyavu, pangekuwa na kanuni, matangazo, malalamiko, na BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia uvuvi mwaloni, kingeitwa. Kizingiti hakina hata mkutano wa mwalo.

Kuna shida nyingine chini ya hii. Ili ujue makosa yanagharimu kiasi gani, lazima ujue wangapi wanakufa. Makadirio yanayotajwa mara nyingi, hata na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ni kati ya watu 3,000 na 5,000 kwa mwaka kwa ziwa lote. Yaani pengo peke yake ni watu elfu mbili. Mvuvi akipotea, kambi inajua, ukoo unajua, na mara nyingi inaishia hapo. Ziwa hili lina historia ya kutohesabu. Meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, orodha ya abiria ilikuwepo kwa daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Bibi yangu mpaka leo haamini idadi yoyote inayotajwa redioni.

MV Nyerere, Septemba 2018, jirani kabisa na kisiwa cha Ukara, nayo haikuhitaji utabiri wowote. Kivuko cha abiria 101 kilibeba watu wengi zaidi mno, wakafa zaidi ya 220. Pale palihitajika mtu wa kuhesabu mlangoni na mwenye mamlaka ya kusema basi, tumejaa. Naandika hili kwa sababu kwenye vikao vyetu nikilitaja naambiwa si utafiti.

Jambo la simu kuonyesha mahali ulipo nalo tumelipitia juujuu. Wenzangu wanataka kujua mtumbwi uko wapi ili tahadhari iwe ya eneo lake, na kitaalamu wana haki. Mjomba aliuliza swali moja tu: "Na watu wa doria nao wataniona?" Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inataka taarifa zitumike kwa lengo zilizokusanyiwa. Lakini ina misamaha, na utekelezaji wa sheria nyingine ni mmojawapo. Kwa hiyo jibu la kweli kwa mjomba ni "inawezekana", na jibu hilo halipo kwenye fomu yetu ya ridhaa.

(Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mahesabu ya Hazina kuwekwa kwenye mashine na kuvurugika. Sera ya kwanza ya taifa ya TEHAMA tukaipata 2003. Vijana wa ofisini wanaicheka sana marufuku ile, na kweli ilituchelewesha. Ila angalau kuna mtu aliuliza hadharani kitu hiki kinamfaa nani.)

Basi jana nimelifuta swali la ndiyo na hapana. Mahali pake nimeandika: "Tahadhari ikitoka, chombo kikabaki, na dhoruba isije, chakula cha kambi cha usiku huo kiandikwe kwa nani?" Majibu niliyoweka ni tajiri, wavuvi, au wagawane. Mjomba amechagua wagawane. Leo nilipoenda kununua dagaa pale soko la Mwaloni nikamjaribu mama mmoja mwenye mitumbwi miwili. Akanisikiliza mpaka mwisho huku anapima, akanitazama.

"Mwanangu, kiandikwe kwa aliyetuma meseji."

Nimeongeza kisanduku cha nne. Kesho saa nne tuna kikao, na nimeshaambiwa nije na maelezo.