Taa za ziada zilizokuwa zikiwaka kinyume

Ukishavuka daraja la mto Sabaki usiku, ukielekea Gongoni na Marereni, sehemu kubwa ya njia haina mwanga isipokuwa ule unaokwenda nao. Punda huvuka bila haraka, baiskeli zilizobeba madumu hazina hata kioo cha kung'aa nyuma, na malori huegeshwa ukingoni magurudumu mawili yakiwa bado juu ya lami. Kwa kuwa shughuli zangu hunipitisha huko mara mbili tatu kwa wiki, niliamua kuifungia Toyota Hilux yangu ya 1999 taa mbili za ziada juu ya bampa, kila moja ya wati 55, na kazi hiyo nikaifanya mwenyewe uani kwangu hapa Malindi.

Nilijiwekea masharti mawili. La kwanza, sikutaka swichi ya kuning'inia chini ya dashibodi, ile ambayo hutobolewa matundu na kukazwa kwa skrubu. Upande wa kulia wa usukani kuna nafasi iliyozibwa kwa kifuniko cha plastiki, na kwa muuza vipuri vya magari yaliyokatwa nikapata swichi ya kiwandani inayoingia hapo barabara. La pili, taa hizo zisiwake ila pale taa kubwa zinapokuwa fuli, yaani zikimulika mbali, na nikishusha dimu, yaani mwanga wa chini, zizime zenyewe bila mkono wangu kwenda kwenye swichi. Kuwasha taa kali machoni pa mtu anayekuja mbele yako ni ufidhuli, na tena ni hatari kwenu nyote wawili.

Swichi kama hiyo haikuundwa kubeba mzigo wa taa. Wati 110 kwa umeme wa volti 12 ni zaidi kidogo ya ampia 9, na ukiupitisha mkondo huo katika vibati vyembamba vilivyomo ndani ya swichi, plastiki itaanza kunuka kabla hujafika mbali. Kwa hiyo kazi nzito huachiwa rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa. Pini yake ya 30 hupokea umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kupitia fyuzi ya ampia 15, ambayo huwekwa karibu kabisa na betri ili waya wote uwe ndani ya ulinzi wake. Pini ya 87 huupeleka kwenye taa. Na pini za 85 na 86 ni ncha mbili za koili, waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi, ambayo ikipata umeme huvuta kibati na kuziunganisha zile mbili za kwanza. Koili yangu nilipoipima ilikuwa na ukinzani wa omu 85, yaani hula kiasi cha ampia 0.14 tu. Huo ndio mkondo ambao swichi ya dashibodi inaubeba kwa raha.

Swichi yenyewe ilikuwa na pini tano. Mbili ni za kuwasha na kuzima, mbili ni za kimwanga kinachoionyesha swichi gizani, na ya tano ni mguu wa balbu ndogo inayoashiria kwamba swichi imewashwa. Nilizitambua kwa mita ya umeme, nikiibonyeza swichi na kuiachia, na shughuli hiyo haikunichukua hata robo saa.

Kosa lilitokea kwenye taa kubwa. Nilitaka koili ipate umeme kutoka kwenye waya wa fuli, basi nikawasha taa, nikautafuta waya huo nyuma ya balbu ya kushoto, nikaugusa kwa mita, nikaona volti 12, nikaridhika. Nikautoa hapo hadi kwenye swichi, kutoka kwenye swichi hadi pini ya 86, na pini ya 85 nikaifunga kwenye bodi ya gari, ambayo ndiyo hasi, pamoja na ule mguu wa balbu ndogo. Ilipoadhini magharibi nilikuwa nimekwisha kufunga tepu.

Baada ya sala nikamsimamisha mpwa wangu mbele ya gari, nikaingia ndani na kuanza kuvuta mkono wa taa.

"Mjomba, hapo umeweka nini?"

"Fuli."

"Basi zimezima. Zilikuwa zinawaka ulipoweka dimu."

Nilidhani ananitania. Nikashuka kutazama mwenyewe, na kweli ilikuwa hivyo: dimu ikiwaka, taa za ziada zinamulika hadi ukutani kwa jirani, fuli ikiwaka, zinalala. Gari lilikuwa limetii masharti yangu yote, ila kwa kuyageuza.

Nilikaa na jambo hilo hadi usiku wa manane, kisha nikarudi na mita na kupima upya, safari hii nikiusogeza mkono wa taa huku naangalia namba. Katika dimu waya wa fuli ulikuwa na volti 12. Katika fuli ulishuka hadi sifuri. Hapo ndipo nilipong'amua kwamba mara ya kwanza nilikuwa nimepima mkono ukiwa kwenye dimu, na sikujua.

Katika Toyota nyingi za miaka hiyo, taa kubwa hazikatwi upande wa chanya. Taa zikishawashwa, chanya hufika kwenye balbu kupitia waya mmoja wa pamoja, nao mkono wa taa huchagua tu ni uzi upi wa balbu ufungwe kwenye hasi. Uzi wa fuli usipofungwa, umeme hubaki umesimama hadi mwisho wa waya wake ukingoja njia ya kutokea. Mimi nilikuwa nimeupa njia hiyo: ulipita kwenye uzi wa balbu, ukaingia kwenye koili, ukatokea kwenye bodi. Uzi wa balbu una omu isiyofika moja, koili ina 85, kwa hiyo takriban volti zote zilikwenda kwenye koili na rilei ikavuta. Nikiweka fuli, waya ule unakuwa hasi, koili inakuwa na hasi pande zote mbili, na rilei inaachia.

Tiba ilikuwa nyepesi kuliko nilivyoogopa. Sikugusa swichi wala waya wa fuli. Niliihamisha pini ya 85 kutoka kwenye bodi na kuifunga kwenye ule waya wa pamoja wa chanya, na mguu wa balbu ndogo nikaupeleka huko huko. Sasa katika dimu koili ina chanya pande zote na haifanyi kitu. Katika fuli, swichi ikiwa imebonyezwa, upande mmoja unakuwa hasi na rilei inavuta. Balbu ndogo ni ya uzi, haijali chanya imetokea wapi; ingekuwa ya LED, ambayo hupitisha umeme upande mmoja tu, isingewaka. Kabla ya kufunga nilitazama pia mchoro ulio ubavuni mwa rilei, kwani nyingine zina dayodi ndani, nayo pia hupitisha umeme upande mmoja tu, na ukiigeuzia dayodi chanya na hasi unaunguza fyuzi ya taa kubwa na kubaki gizani.

Maungio yote niliyatia risasi, nikayavika mpira wa kusinywaa kwa moto na kuyapaka grisi. Kwa hewa yetu ya chumvi, shaba iliyoachwa wazi hugeuka kijani upesi, na waya uliosokotwa kwa mkono na kufungwa tepu peke yake hukusumbua mvua za masika zisijafika.

Juzi usiku, kabla ya kufika Gongoni, lori lilitokea mbele yangu. Nikashusha dimu, na taa za bampa zikazima pamoja na balbu ndogo ya kwenye swichi. Dereva naye akashusha zake. Kilichobaki ni kwamba kimwanga cha swichi ni chekundu, na swichi nyingine zote za dashibodi zina kimwanga cha kijani. Mpwa wangu ananihimiza niibadilishe balbu, nami bado sijaipata ya rangi hiyo.