Mkaguzi aliponiuliza watoto walikuwa wanakula nini

Naandika hii nikiwa stoo, nimekalia ndoo ya mafuta ya lita 20, leja iko magotini. Kumi la mwisho la Ramadhani kwenye kituo chetu cha watoto ndo kama unavyojua, huyu kaja na tende, yule mchele, mwingine viroba vya sembe, stoo haifungwi mpaka usiku. Zamani nilikuwa napokea tu, nasema Mungu akuzidishie, mzigo unaenda jikoni, basi.

Nilikuja kukoma siku mkaguzi wa hesabu kakaa ofisini anapekua mafaili, akaniuliza, nyie mna watoto 43, mbona miezi mitatu mizima hamjanunua mahindi hata kilo moja, walikuwa wanakula nini? Nikasema tulipewa. Na nani, lini, kiasi gani? Nikabaki nakuna kichwa, nilichokuwa nakumbuka ni Canter ya bluu tu, mwenye mzigo simjui hata jina. Tena aibu ilikuwa afadhali, maana mfadhili wetu alisoma kwenye ripoti kwamba chakula kimetumia hela kidogo, akatukatia bajeti ya chakula ya mwaka uliofuata. Na simlaumu, karatasi zetu zenyewe ndo zilimwambia hivyo.

Siku hizi kitu hakivuki mlango hakijaandikwa. Tarehe, jina, simu, ni kitu gani, kiasi, hali yake, aliyeleta anasaini anaondoka na nakala, vile vitabu vya kaboni vya stesheneri vinatosha kabisa. Kiasi naandika nilichohesabu mimi, siyo alichosema yeye, maana "gunia la kilo mia" la watu ukiliweka kwenye mizani unakuta themanini. Thamani ya shilingi naijaza nikishauliza bei ya sokoni siku hiyohiyo, na mitumba naiweka kwa bei ya mitumba, hata kama mwenyewe anakuambia hii suti aliinunua dukani tena ghali. Maziwa yaliyopita muda nayo naandika, pembeni naandika tumeteketeza. Na yule fundi aliyetupigia bati siku mbili hakuchukua hata mia naye yumo, hiyo kazi tungelipia.

(Wanaotaka picha na watoto wameshika maboksi, samahani, piga na mimi.)

Kwenye kushukuru, ile meseji ya kukopi na kupesti ya "asante kwa mchango wako" nimeacha. Kuna mama anauza vitumbua hapo stendi alituletea miche sita ya sabuni, baada ya wiki tatu nikamwandikia, mama shikamoo, ile miche yako sita imefua mashuka ya bweni lote la wasichana, jana ndo imeisha. Akapiga simu palepale. "Kwani mliandika, mwanangu?" Nikamwambia ukurasa wa 31, mstari wa pili. Ijumaa kaja na miche mingine minne, kabla hajaitua anataka kwanza aonyeshwe huo mstari.