Ndoo ipi?

Wiki hii Tumaini kaposwa, duka limehamia Kabwe na deni la bati tumelimaliza, lakini kila nikilala ninachosikia ni sauti ya mama: "Ndoo ipi?"

Ilikuwa Jumapili usiku. Baridi ya Julai mnaijua. Jiko la mkaa katikati ya sebule, mlango tumeuacha wazi kidogo hewa ipite, mama kajitanda vitenge viwili. Filamu niliwekewa kwenye flashi pale Mwanjelwa. Zile zilizotafsiriwa na ma-DJ mama hazitaki siku hizi, anasema wanaongeza yao mno, bora nimtafsirie mimi. Na kazi hiyo naipenda kuliko anavyojua.

Kijana mmoja kaingia baa analowa mvua, akawaambia wenzake kuhusu mzee fulani: "He kicked the bucket." Nami hapohapo, bila kufikiri:

"Anasema mzee kapiga teke ndoo."

"Ndoo ipi?"

"Haionekani, mama."

Akavaa miwani. Akasogea mpaka ukingoni mwa kochi, akawa anaitafuta ile ndoo kwenye kioo, chini ya meza, nyuma ya mlango, picha ikihama naye anainamisha shingo. Kisha likatokea jeneza. Mama akavua miwani, akasema polepole, "Kumbe amefariki. Si ungesema tu, mwanangu."

Wala hakukasirika, na ndiyo inayoniuma. Angefoka ningejitetea.

Tangu siku ile nimesoma. Msemo ni wa zamani, umo kwenye kamusi ya maneno ya mitaani ya Francis Grose iliyotoka London mwaka 1785, na maana yake ni kufa, basi. Wapo wanaoeleza kwamba si ndoo ya maji hata kidogo: kwenye lahaja fulani za Uingereza neno hilohilo "bucket" lilikuwa jina la boriti anayoning'inizwa nguruwe wa kuchinjwa, miguu juu, naye akitapatapa anaipiga mateke. Jana jioni nikamweleza mama tukimenya viazi. Yeye kakulia Tukuyu, nguruwe kawaona wakichinjwa tangu utotoni. Akatulia, kisu mkononi.

"Hapo sasa nimeelewa. Miguu inapiga kweli."

Akamenya viazi viwili, vitatu. Halafu akasema, "Hata mimi waliniambia baba yako amepumzika."

Siku ile nilikuwa Iringa kwenye mitihani, sehemu hii sikuwahi kuisikia. Muuguzi alimwambia mlangoni mwa wodi, "Mama, mzee amepumzika." Mama akashukuru. Akasema basi asiamshwe, akakaa kwenye benchi na chupa ya uji mapajani mpaka baba mdogo alipokuja kumshika mkono.

"Kiswahili hichohicho ninachosema kila siku," akaniambia, "nacho sikukielewa."

Miaka sita. Chupa yenyewe ni hii ya bluu tunayowekea chai asubuhi, mfuniko una ufa. Nilitaka kumwomba radhi kwa ile ndoo, sauti ikagoma. Nikavuta beseni upande wangu, nikamenya viazi vilivyobaki.

Leo usiku anataka tuimalizie filamu. Mimi mawazo yako Kabwe: kufuli la duka jipya halishiki vizuri, fundi tangu Alhamisi anasema yuko njiani, na mzigo wote wa vitenge umelala mle ndani.