Nilivyoifufua Pokémon Silver, na ng'ombe aliyenitoa jasho

Kaseti ya Pokémon Silver, gemu ya kukamata viumbe wanaoitwa Pokémon na kuwapiganisha, ilikuwa ya kaka yangu. Aliimaliza enzi hizo, akaitupa kwenye droo, basi. Nilipoichomeka kwenye Game Boy Color iliwaka vizuri tu, ila menyu ilinipa chaguo moja: kuanza upya. Vyote alivyovihangaikia kaka vilikuwa vimefutika.

Kisa ni betri. Pokémon Gold na Silver zilitoka Japani mwaka 1999, na ndani ya kila kaseti kuna betri bapa kama sarafu, CR2025, inayoilisha kumbukumbu umeme usiku na mchana hata ukiwa huchezi. Betri hiyohiyo ndiyo inaendesha saa, maana gemu hii inajua kama sasa ni asubuhi au usiku, na leo ni siku gani. Kaseti za Pokémon Red na Blue hazina saa, ndiyo maana betri zake huvumilia zaidi. Hii ikifa, inaondoka na kila kitu.

Sikuwa na cha kupoteza. Nilitafuta bisibisi yake, kwa sababu skrubu ya kaseti haikubali bisibisi za kawaida, na CR2025 iliyokuja na miguu yake ya chuma tayari. Usidharau hiyo miguu: ukilehemu moja kwa moja kwenye mwili wa betri, joto linaweza kuiharibu au hata kuipasua. Nilichora kwanza upande wa chanya uko wapi, nikaitoa ya zamani, nikaweka mpya. Nikacheza saa tatu, nikasevu, nikalala. Asubuhi: anza upya.

Kosa lilikuwa langu. Lehemu ya mguu mmoja ilikaa juujuu, kama tone la maji kwenye jani la mgomba. Nikarudia, mara hii nikaipasha moto sehemu ya bodi kwanza ndipo nikagusisha lehemu. Kisha nikasevu, nikazima, nikaichomoa kaseti na kuiacha mezani siku nzima. Nilipoirudisha, chaguo la kuendelea lilikuwepo. Hapo ndipo nilipoanza kucheza kwa dhati.

Nilimchukua Cyndaquil, Pokémon wa moto ambaye akikua huwa Quilava, na mtindo wangu ulikuwa uleule wa utotoni: mpiganaji mmoja anakula kila kitu, wengine watano ni abiria. Kila jimu, yaani ukumbi wa mapambano, ina kiongozi ambaye ukimshinda anakupa beji. Ndege wa Falkner, kiongozi wa kwanza, waliungua; wadudu wa Bugsy, wa pili, waliungua. Nikaingia mji wa Goldenrod na beji mbili na kiburi cha kutosha.

Kiongozi wa jimu ya pale ni Whitney, na ana ng'ombe anaitwa Miltank, levo 20. Anayemjua atakuwa ameshaguna. Ng'ombe huyu ana pigo la Rollout: anabingirika, na kila zamu nguvu inaongezeka maradufu, kutoka 30 hadi 60, 120, 240, na ya tano ni 480. Ni pigo la aina ya mwamba, na moto hauwezani na mwamba. Halafu ana Attract, inayompumbaza mpinzani wa jinsia tofauti hadi nusu ya zamu zake anashindwa kupiga. Miltank wote ni majike. Quilava wangu alikuwa dume. Ukibahatika kumfikisha pabaya, anakunywa maziwa yake mwenyewe na nusu ya uhai inarudi!

Nilipigwa. Nikampandisha Quilava levo mbili, nikapigwa tena. Nikampandisha nyingine mbili, matokeo yaleyale. Kila ukishindwa unapoteza nusu ya pesa ulizobeba, kwa hiyo nilianza kumwekea mama wa kwenye gemu akiba. Akanipigia simu kunijulisha kwamba amenunua dawa kwa hela zangu. Sikumuuliza.

Baada ya kipigo cha nne niliacha kuongeza levo nikaanza kumsoma ng'ombe. Nilihitaji jike, ili Attract isimguse, tena wa aina ya wapiganaji, kwa sababu hao wanaivumilia mwamba na kuiumiza aina ya kawaida, ambayo ndiyo ya Miltank. Na jibu lilikuwa mjini humohumo. Ghorofa ya tano ya duka kubwa la Goldenrod kuna mtu anayetaka Drowzee, naye anatoa Machop anayeitwa Muscle. Nilikuwa nimempita mara kadhaa bila kumsemesha. Drowzee wanapatikana Njia ya 34, kusini tu mwa mji. Nilimkamata mmoja, nikabadilishana, nikamtazama Muscle: jike, tena ameshika Gold Berry, tunda la kurudisha uhai.

Aliyepatikana kwa kubadilishana hupata uzoefu mara moja na nusu, hivyo hakuchelewa kufika levo 19. Nikarudi kwa Whitney. Clefairy, Pokémon wake wa kwanza, hakudumu. Miltank akaanza kubingirika; mzunguko wa kwanza ulimkwaruza tu Muscle, wa pili ukauma, wa tatu ukakosa shabaha, na nguvu ikarudi mwanzo. Muscle akajibu kwa pigo lake: Karate Chop, Karate Chop. Ng'ombe akanywa maziwa. Nikapiga tena. Muscle akala ile Gold Berry akiwa hoi, na pigo lililofuata lilimlaza ng'ombe. Whitney akaangua kilio na kukataa kunipa beji. Inabidi ugeuke uondoke kidogo, msichana mmoja wa jimu aje akueleze, ndipo urudi ukaombe haki yako. Nilicheka peke yangu.

Baada ya hapo Quilava hakuwa mfalme tena. Beji ya nne ilipita haraka, ikaniruhusu kutumia Surf, mbinu ya kusafiri juu ya maji, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kurudi nyuma hadi pango la Union Cave. Chini kabisa, kwenye maji, Pokémon aitwaye Lapras hutokea siku ya Ijumaa tu. Nilishuka Alhamisi usiku: maji matupu. Niliiacha kaseti ndani ya mashine, nikaenda kulala nikiwa na wasiwasi na lehemu yangu.

Kesho yake jioni nikawasha. Gemu ikasema Ijumaa. Nikaingia majini na Lapras alikuwa pale, levo 20. Alivunja mipira minne ya kukamatia, wa tano ukatulia. Nikasevu mara mbili.