Sahani za Tsar, nembo ya wakomunisti
Hawa Warusi walikuwa na mambo wallahi. Sisi huku Mji wa Kale sahani za kauri zilipangwa kwenye vidaka wageni wazione, wao malkia wao Catherine wa Pili mwaka 1777 akaagiza kiwanda cha kauri cha Gardner seti za vyombo vya karamu za wenye nishani za heshima, ile ya nishani ya St George ina utepe wa chungwa na nyeusi pembeni na nyota katikati, yaani umalize kula ndo nyota uione lol. Ila inayonimaliza ni hii, baada ya mapinduzi ya 1917 stoo ya kiwanda cha kauri cha kifalme Petrograd (sai ni St Petersburg) kulibaki sahani nyeupe hazijachorwa, basi wakazichora nyundo na mundu, nembo ya wakomunisti, na chini ile alama ya Tsar (mfalme wao) nyingine wakaifunika rangi tu! Na sai hizo ndo matajiri wanagombania mnadani.