Mkaa au gesi, hesabu sio bei tu

Jana nimekaa jikoni nikapiga hesabu vizuri, maana kila mtu anasema gesi ni bora, sawa, lakini bora kwa nani? Mkaa unanunua kakopo asubuhi kakopo jioni, hela ndogondogo hazionekani ila mwisho wa mwezi zinauma, gesi hata mtungi mdogo wa kilo 6 inabidi ushike hela yote kwa mkupuo, na mama anayeuza vitumbua hana hiyo hela kwa pamoja, hapo ndo shida ilipo.

Halafu kuna moshi. Anayeuvuta ni mama na mtoto aliye mgongoni, hiyo gharama haiandikwi kwenye gunia. Na ile miti ya Pwani na Morogoro inayokatwa kulisha Dar, nayo haiandikwi.

Ila tusidanganyane, gesi ya mtungi nayo ni bidhaa ya jamii ya mafuta, inakuja na meli, sio ile gesi asilia ya Songosongo kule Lindi inayozalisha umeme tangu 2004, watu wengi wanachanganya. Dola ikipanda na mtungi unapanda.

Serikali imesema ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi. Mi naunga mkono kabisa, ila naomba wauze gesi kidogokidogo kwa mita kila mtaa, na wale wachoma mkaa kule vijijini watafutiwe kazi nyingine kwanza, nao wana watoto wanasoma.