Siku moja maishani mwangu: kisigino cha bibi wa chumba cha 7

Saa 11:20 alfajiri

Kazi yangu ni kukagua makao ya wazee. Nikiwaambia watu hivyo, wengi hudhani napima upana wa vyumba na kuhesabu vitanda. Napima na kuhesabu, ndiyo, lakini hizo ni dakika 20 za mwanzo. Kilichonitoa kitandani saa hizi ni kutaka kujua kama mzee asiyeweza kujigeuza anageuzwa, kama asiyeweza kushika kikombe ananyweshwa, na kama anayepiga kengele usiku wa manane kuna mtu anakuja. Hayo huyaoni ukifika saa 4 asubuhi, sakafu imeshapigwa deki na wazee wamepangwa kwenye viti kama watu wanaosubiri kupigwa picha.

Kwenye begi: daftari, kalamu mbili, tochi ndogo, kipimajoto cha friji. Miguuni, viatu visivyo na kelele. Hivyo viatu vimenisaidia kuliko semina zote nilizohudhuria.

Saa 12:35 asubuhi

Hatutoi taarifa tukija. Mlinzi anasoma kitambulisho changu mara mbili, anapiga simu, anaambiwa meneja bado yuko njiani. Vizuri tu. Naomba nipelekwe moja kwa moja kwenye makabidhiano ya zamu.

Zamu ya usiku ilikuwa na watu wawili kwa wazee 28. Nasimama pembeni nasikiliza. "Chumba cha 3 amelala vizuri. Chumba cha 9 amesumbua usiku kucha."

Hapo kwenye "amesumbua" naweka alama. Amesumbua vipi? Ugonjwa wa kusahau huja taratibu, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa mtulivu juzi akianza kuweweseka ghafla, mwili wake una jambo: labda maambukizi ya njia ya mkojo, labda maji yamepungua, labda hajapata choo siku nne, labda kuna dawa mpya. Uzee hauingii kwa usiku mmoja.

Binti mmoja wa zamu ya mchana anauliza, "Amekojoa?" Hakuna anayejua, lakini yeye ameuliza. Naye namwekea alama, ya kheri.

Saa 1:15 asubuhi

Napita kwenye korido. Jengo limechoka, rangi imebanduka, bomba la bafu moja linadondosha maji. Kuna harufu ya mkojo, na saa hizi, watu 28 wakiwa ndiyo kwanza wanaamka, sishangai. Mimi hushtushwa na makao yanayonukia marashi ya kupuliza tangu getini. Nishaingia jengo la marumaru tupu nikamkuta mzee na pedi ya jana.

Saa 2:00 asubuhi

Kitoroli cha dawa kinapita. Muuguzi anamwita kila mzee kwa jina na anasubiri mpaka ameze. Ila wale wasioweza kumeza anawasagia vidonge, na kimoja kati ya hivyo ni cha kutoa dawa polepole.

"Dada, hiki hakisagwi. Ukikisaga, dawa ya kutwa nzima inaingia kwa mkupuo."

"Lakini hamezi."

"Basi daktari aambiwe leo hii, ambadilishie."

Friji ya dawa inasoma nyuzi 6, na inatakiwa iwe kati ya 2 na 8, kwa hiyo iko sawa. Chupa ya insulini imefunguliwa bila kuandikwa tarehe, na insulini nyingi zikishafunguliwa maisha yake ni siku 28. Kisha natafuta kwenye chati dawa za kutuliza akili, zile zilizotengenezwa kwa magonjwa makali ya akili. Wazee watano wanazipata, na wawili kati yao hawana sababu iliyoandikwa popote. Hili silipitii juu juu. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo lake kali kuliko yote kwamba dawa za kundi hili za kizazi kipya zinaongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau, na mwaka 2008 onyo likapanuliwa hadi zile za zamani. Kwa hiyo nikimkuta mzee amesinzia kwenye kiti saa 3 asubuhi, mate yanamdondoka, nauliza huo ni usingizi au ni kidonge.

Saa 3:10 asubuhi

Sasa nakaa. Saa nzima, kwenye kona ya sebule, sifanyi lolote ila kuandika kila baada ya dakika tano kinachowapata wazee watano niliowachagua. Dakika kumi za kwanza kila mhudumu anatabasamu. Baada ya hapo wananisahau.

Televisheni inapiga kelele, hakuna anayeitazama. Bibi mmoja anakunja taulo dogo, analikunjua, analikunja tena. Ndani ya dakika 45 watu wamepita mbele yake mara 11. Wawili wamemsemesha. Mmoja amekuja kwa nyuma, akasukuma kiti chake cha magurudumu hadi dirishani bila neno, na bibi akashika mikono ya kiti kama mtu aliye kwenye gari lililokata breki.

Halafu anakuja msafishaji, kijana kabisa. Anaweka ndoo chini, anachuchumaa mpaka macho yake yalingane na ya bibi, anashika ncha ya pili ya taulo. "Tukunje wote, bibi?" Wakakunja mara tatu. Bibi akacheka. Nimelitafutia hilo safu kwenye fomu yangu ya kurasa 14, sikuipata. Nimeliandika pembeni.

Saa 4:40 asubuhi

Chumba cha 7.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Na wewe ni wa sindano?"

"Hapana bibi, mimi nimekuja kuona mnavyotunzwa. Utaniruhusu nitazame miguu yako?"

"Tazama. Ipo tu, haiendi popote."

Amelala chali. Nafunua shuka. Kwenye picha nyingi za vitabuni tulivyosomea, kidonda cha mgandamizo, yaani kile cha kulalia sehemu moja muda mrefu, huanza na wekundu, kwa sababu ngozi zilizopigwa picha zilikuwa nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi ukisubiri wekundu, utasubiri mpaka nyama iachie. Kwa hiyo natumia mgongo wa vidole. Kisigino cha kushoto kina joto la kawaida. Cha kulia kinachemka, katikati kuna sehemu ngumu, na nikimulika tochi kwa upande naona kivuli kinachokaribia zambarau. Nabonyeza, bibi anakunja uso. Ngozi haijachanika, lakini rangi hiyo hainipendezi, kwa sababu huenda chini yake nyama imeshaanza kuumia.

Ukutani imening'inizwa chati ya kumgeuza kila saa mbili. Nasoma: saa 2, ubavu wa kulia. Saa 4, ubavu wa kushoto. Saa 6, ubavu wa kulia. Saa 8 mchana, ubavu wa kushoto. Zote zimesainiwa. Natazama saa yangu, ni 4:40.

Mhudumu amesimama mlangoni, ameshaona ninachokisoma.

"Dada, hii ya saa 6 na ya saa 8 zimejazwaje?"

Kimya. Kisha: "Upande huu tuko wawili, wazee 16. Nikisema nijaze saa ikifika, sitajaza. Na isipojazwa nakatwa mshahara."

"Na kugeuza?"

"Nageuza nikipata wa kunisaidia. Peke yangu siwezi, mgongo ulishaharibika."

Wenzangu wengi hapa huandika "uzembe" wakafunga daftari. Mimi nikaandika hesabu. Kati ya wale 16, tisa hawawezi kujigeuza na wanahitaji watu wawili. Kila mmoja dakika 7, tufanye, ukiweka na kupanga mito. Hizo ni dakika 63 katika kila 120, wahudumu wote wawili wakiwa wamefungwa huko. Bado kuogesha, kulisha, kupeleka chooni, kubadilisha pedi na kuitikia kengele. Hesabu haikubali hata wangekuwa malaika.

Lakini chati ya uongo ina madhara yake. Kesho daktari akija, ataisoma, ataona bibi amegeuzwa vizuri, na ataanza kutafuta chanzo cha kidonda kwenye damu au kwenye sukari, wakati chanzo ni godoro.

Kwa taratibu zetu mkaguzi hagusi kazi ya wahudumu. Lakini siku hiyo niligusa. Tulichukua mto, yeye upande ule na mimi upande huu, tukauweka chini ya vigimbi hadi visigino vikaning'inia hewani. Bibi akasema, "Ah." Nikamwambia mhudumu amwite muuguzi aje apime, aandike na apige picha sasa hivi, nikiwa nimesimama hapo hapo.

Saa 6:30 mchana

Chakula. Wahudumu wawili wanalisha wamesimama, kijiko kinashuka kutoka juu, na mzee anainua kidevu kukifuata. Hiyo ndiyo namna ya kupaliwa. Wa tatu ameketi na anasubiri kila tonge limezwe.

Nikaomba rekodi za uzito. Mzee akipoteza asilimia 5 kwa mwezi mmoja au 10 kwa miezi sita, panatakiwa kupigwe kengele. Babu mmoja alikuwa kilo 61 mwezi uliopita, sasa ni 57. Nikashtuka. Nikafungua ukurasa wa pili, huyo kapungua kilo 4. Wa tatu, kilo 4. Nikaenda kwenye mzani nikapanda mwenyewe, nikajikuta nimepungua kilo 4 tangu asubuhi. Furaha yangu ilidumu sekunde mbili.

Mzani ni mbovu. Sawa, mizani huharibika. Ila wazee 28 "wamepungua" kilo 4 kila mmoja mwezi mmoja, mtu ameandika namba hizo moja baada ya nyingine kwa mwandiko mzuri, na hakuna aliyesema "ngoja kwanza". Na kama kuna mzee aliyepungua kwelikweli, yumo humo ndani, hatumjui.

Saa 8:00 mchana

Ofisini. Mwaka 1966 Avedis Donabedian, daktari na mtafiti wa ubora wa huduma za afya, alipendekeza ubora wa huduma utazamwe kwa pande tatu: muundo (kilichopo), mchakato (kinachofanyika) na matokeo (kinachompata mgonjwa). Makabati ya ofisi hujaa muundo. Sera zipo, vyeti vipo, vizima moto vimekaguliwa.

Daftari la kuanguka: sifuri kwa miezi mitatu. Sifuri hunitia hofu. Wazee 28, sakafu yenye maji, dawa za presha, halafu asianguke hata mmoja? Nikamuuliza yule msafishaji wa taulo. "Si yule babu wa chumba cha 12, bafuni, wiki iliyopita?" Kwenye faili la babu hakuna mstari hata mmoja. Paji la uso lina alama.

Ratiba ya kazi inaonyesha wahudumu wanne kwa upande ule, leo asubuhi. Kitabu cha kusaini kina wawili.

Saa 10:00 jioni

Meneja alianza kwa kujitetea, kama ningefanya mimi. Nilipoweka ratiba kando ya kitabu cha kusaini akanyamaza, akafungua droo, akatoa barua. Nne, zote za kuomba wahudumu zaidi, zote kwa wamiliki, moja tu ina jibu: "Tumepokea." Nikaomba nakala.

"Zitamsaidia nani?" akaniuliza.

"Wewe kidogo. Yule wa chumba cha 7 zaidi."

Saa 2:30 usiku

Naandika ripoti. Vidonge vinavyosagwa, insulini, dawa za kutuliza zisizo na sababu, na kisigino: ndani ya saa 24. Mzani na daftari la kuanguka: siku 7. Wahudumu: siku 14, na hapo nimewataja wamiliki, si meneja, si dada wa mlangoni. Chati iliyojazwa mapema nimeieleza ilivyo, pamoja na zile dakika 63.

Kisha nikaandika: "Kisigino cha kulia, sentimita 2 kwa 3, joto, kigumu, rangi imebadilika, ngozi haijachanika, saa 4:40 asubuhi." Nikirudi nitaanzia hapo. Tarehe ya kurudi siiandiki hapa, kwa sababu meneja naye anasoma.